Kutembelea Mji Mkongwe wa Zanzibar: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Miongozo mingi ya Mji Mkongwe imeandikwa kwa ajili ya mtu anayeshuka kwenye ndege kutoka Ulaya. Maswali yaliyokusanywa hapa ni ya wageni wa aina nyingine: wa kutoka Dar es Salaam, Mwanza, Mombasa au Kampala, wanaozungumza Kiswahili, wanaohesabu shilingi zao, na wanaotaka kujua watakachokutana nacho kabla ya kukata tiketi.

## Kabla ya safari

Mji Mkongwe ndiyo Zanzibar yenyewe, au ni sehemu yake?

Ni sehemu ndogo ya Jiji la Zanzibar, upande wa magharibi wa kisiwa cha Unguja. Zamani mkono wa bahari uliutenga mji huu na upande wa pili, na ndiyo sababu upande ule unaitwa Ng'ambo mpaka leo, na soko lililo mpakani linaitwa Darajani ingawa daraja halipo tena. Mkono huo ulifukiwa karne ya 20. Juu yake inapita Barabara ya Benjamin Mkapa, ambayo wenyeji wengi bado wanaiita Creek Road. Ukivuka barabara hiyo kuelekea baharini, umeingia Mji Mkongwe.

UNESCO iliuweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Majengo mengi utakayoyaona ni ya karne ya 19, baada ya Sayyid Said bin Sultan kuhamishia makao yake hapa kutoka Muscat, na fedha za karafuu, pembe za ndovu na watumwa kumiminika mjini. Kwa hiyo anayetafuta magofu ya karne nyingi zilizopita aende Kilwa Kisiwani. Hapa atakuta mji ambao bado una wenyewe: watoto wanatoka skuli, nguo zimeanikwa barazani, na jeneza linaweza kupita kichochoroni ukalazimika kusimama pembeni.

Siku ngapi zinatosha?

Mbili kamili, na usiku wa katikati uwe wako. Wapo wanaokuja na boti ya asubuhi kutoka Dar na kurudi jioni. Hao hutembea saa za jua kali na kuondoka wakati mji ndiyo kwanza unaanza kupoa na watu kutoka nje kupunga upepo. Kama siku moja ndiyo uliyonayo, tazama swali la mahali pa kuanzia.

Siku ya tatu itumie kwenda kisiwa cha Changuu au kwenye mashamba ya viungo upande wa Kizimbani na Kidichi. Fukwe za Nungwi na Paje ni safari nyingine kabisa. Usizibane ndani ya siku hizi mbili ukategemea kufaidi vyote.

Nije mwezi gani?

Juni hadi Oktoba hali ya hewa ni ya kupendeza: upepo wa kusi unavuma, joto limepungua, mvua ni chache. Desemba hadi Februari ni msimu wa kaskazi, kuna joto kali, na wageni ni wengi. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, hoteli hushusha bei na zipo zinazofunga kabisa. Mvua ikipiga kweli, baadhi ya vichochoro hujaa maji ya kufika kwenye vifundo vya miguu, kwa hiyo njoo na ndara na uache viatu vya ngozi nyumbani.

Angalia pia kalenda. Mwezi wa Februari kuna tamasha la muziki la Sauti za Busara, linalofanyika tangu mwaka 2004 na ambalo jukwaa lake kuu limekuwa Ngome Kongwe. Siku hizo vyumba hujaa na bei hupanda, kwa hiyo weka nafasi mapema au epuka wiki hiyo. Kuhusu Ramadhani kuna swali lake kwenye sehemu ya chakula.

Mimi ni Mtanzania wa Bara. Nahitaji pasipoti?

Huhitaji. Lakini usije mikono mitupu: beba kitambulisho cha taifa au kingine kinachotambulika, kwa sababu utaulizwa unapokata tiketi ya boti, hotelini, na kwenye makumbusho ambako kiingilio cha mwananchi ni tofauti na cha mgeni. Raia wa nchi nyingine hupita kwa maofisa wa uhamiaji bandarini hata kama pasipoti yake iligongwa muhuri Dar jana yake. Wengi hushangaa, ndivyo utaratibu ulivyo. Wakenya na Waganda hawahitaji viza, ila waje na pasipoti.

Ile bima ya lazima inanihusu?

Mtanzania haimhusu. Ilianza tarehe 1 Oktoba 2024 kwa wageni wanaoingia Zanzibar kutoka nje, na hununuliwa mtandaoni kwa Shirika la Bima la Zanzibar kabla ya kufika. Kwa mtu mzima ni dola 44. Bima uliyonunua kwenu, hata iwe nzuri namna gani, haichukui nafasi ya hii. Kama pasipoti yako ni ya nchi jirani, soma masharti ya uraia wako kwenye tovuti ya shirika hilo kabla ya kulipa.

## Kufika na kulala

Boti au ndege?

Boti, isipokuwa kama bahari inakusumbua sana. Boti ziendazo kasi kutoka Dar hutumia karibu saa mbili, zinaondoka mara kadhaa kwa siku, na zinakushusha Malindi, ukingoni kabisa mwa Mji Mkongwe. Ukiwa na begi dogo unaweza kwenda hotelini kwa miguu. Ndege ni dakika ishirini angani, lakini ukijumlisha foleni za Uwanja wa Julius Nyerere na teksi kutoka Uwanja wa Abeid Amani Karume, ulichookoa ni kidogo.

Wakati wa kusi bahari huchafuka mchana. Chukua boti ya asubuhi, kaa sitaha ya chini upande wa nyuma, kula kidogo. Mifuko ya kutapikia hugawiwa humo ndani na watu huitumia, wala hakuna anayekucheka.

Tiketi ikate kwenye ofisi za kampuni au mtandaoni. Pale nje ya geti la bandari ya Dar utakutana na vijana watakaokuambia dirisha limefungwa, boti imejaa, au kwamba wao wanazo za bei nafuu. Pita tu.

Papasi ni nani, na nifanye nini wakining'ang'ania?

Ni vijana wanaowafuata wageni bandarini na kwenye bustani ya Forodhani wakiuza hoteli, ziara, boti, viungo, na wakati mwingine vitu usivyopaswa kununua. Wengi hawana leseni. Hoteli inayokupokea ukiwa na papasi humlipa kamisheni, na kamisheni hiyo imo kwenye bei utakayotajiwa.

Kiswahili chako kinasaidia hapa. Msalimie kama unavyomsalimia mtu yeyote, mwambie "ahsante ndugu yangu, nina mwenyeji wangu," na usisimame. Ukisimama kueleza, mazungumzo yameanza. Maneno makali hayana faida, kwa sababu mji ni mdogo na mtaonana tena jioni.

Wachukuzi wa mizigo bandarini ni watu wengine, wanafanya kazi halali. Patana naye kabla hajagusa begi.

Nilale ndani ya Mji Mkongwe au nje?

Ndani, angalau usiku mmoja. Lakini ujue unachokubali. Nyumba nyingi ni za zamani na hazina lifti. Ngazi ni za mbao, zimesimama wima, na chumba chenye mandhari ya bahari kiko ghorofa ya tatu au ya nne. Gari halifiki mlangoni. Adhana ya alfajiri itakuamsha, na kwa kuwa misikiti iko mingi na karibu karibu, utasikia moja ikianza kabla nyingine haijamaliza. Anayetaka usingizi mzito achague chumba kinachotazama ua wa ndani.

Vyumba vya nyumba za zamani huwa virefu na vyembamba. Sababu ni boriti: dari zilibebwa na miti ya mikoko, na upana wa chumba haukuweza kuzidi urefu wa mti.

Uliza mapema mambo mawili: kama bei uliyotajiwa imejumuisha kodi na tozo za kulala, na kama kuna jenereta. Jioni ya joto bila feni ni ndefu.

## Kuuona mji

Nitapotea?

Ndiyo. Kila mtu hupotea siku ya kwanza, na ramani ya simu haikusaidii sana, kwani kuta ndefu zinaichanganya. Hata hivyo mji wenyewe ni mdogo. Kutoka upande hadi upande ni chini ya nusu saa kwa miguu. Ukiendelea kwenda mbele utatokea ama baharini ama Barabara ya Mkapa, na kutoka hapo utajipanga upya.

Kubwa zaidi, uliza. Wazee waliokaa barazani ni ramani bora kuliko ya simu. Anza kwa salamu kamili, "Shikamoo mzee" au "Assalaam aleikum," subiri uitikiwe, halafu ndiyo utaje unakokwenda. Mgeni anayefika na kurusha swali bila salamu hujibiwa kwa kidole tu. Taja mtaa: Shangani, Kiponda, Malindi, Mkunazini, Hurumzi, Sokomuhogo, Vuga. Majina ya barabara yaliyoandikwa kwenye ramani za watalii hayatumiki sana midomoni mwa watu.

Na ukisikia honi nyuma yako, bana ukutani. Pikipiki hupita hata pale usipodhani zinaweza kupita.

Nina siku moja tu. Nianzie wapi?

Anza Soko la Darajani asubuhi, kabla ya saa tatu, wakati samaki bado wananadiwa. Kutoka hapo Kanisa Kuu la Anglikana, Mkunazini, ni mwendo mfupi. Litakuchukua saa nzima ukilitendea haki (swali linalofuata). Endelea kwa vichochoro hadi Sokomuhogo, pumzika Jaws Corner kwa kahawa chungu na kashata. Hapo ni barza ya siasa: sikiliza zaidi ya unavyosema, hasa wakati wa uchaguzi.

Mchana jua likiwa kali, jifiche kwenye nyumba za makumbusho au lala. Jumatatu hadi Alhamisi maduka hufuata saa zake. Ijumaa adhuhuri mengi hufungwa kwa swala. Saa kumi jioni toka tena: Ngome Kongwe, ambayo Waarabu wa Omani waliijenga baada ya kuwafukuza Wareno, mwishoni mwa karne ya 17, kisha tembea Mizingani ukiipita Zahanati Kongwe yenye roshani za mbao zilizonakshiwa, iliyojengwa kwa fedha za tajiri Tharia Topan. Magharibi ikukute Forodhani, ambako vijana hujirusha baharini kwa mbwembwe kutoka ukutani.

Pale soko la watumwa, ninachoonyeshwa ni kitu chenyewe?

Sehemu ni chenyewe, sehemu ina maswali, na ni vizuri kuijua tofauti.

Soko lenyewe lilikuwa Mkunazini, hilo halina ubishi. Lilifungwa mwaka 1873, Sultan Barghash alipotia saini mkataba chini ya shinikizo la Waingereza, na manowari zao zikiwa tayari kuzuia bandari. Mwaka huohuo Wamisionari wa Anglikana walianza kujenga kanisa mahali pale. Inasimuliwa kwamba madhabahu yamewekwa pale ulipokuwa mti wa kuwachapia watumwa. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi, alifariki mwaka 1882 na amezikwa nyuma ya madhabahu hayo. Msalaba wa mbao ulio ukutani umetokana na mti wa Chitambo, katika Zambia ya leo, ulipozikwa moyo wa David Livingstone, mmisionari na mpelelezi aliyeupinga utumwa.

Vyumba viwili vya chini ya ardhi, vyenye dari ya kugusa kichwa na minyororo, ndivyo vinavyowaliza wageni. Waongozaji wengi hueleza kwamba watumwa walifungiwa humo wakisubiri mnada. Wanahistoria wamelihoji dai hilo, kwa sababu jengo lililo juu yake lilijengwa na misheni baada ya soko kufungwa. Hilo halipunguzi uzito wa yaliyotendeka mahali pale. Maonyesho yaliyo kwenye jengo hilohilo yameandikwa kwa uangalifu, kwa Kiswahili na Kiingereza. Yasome kabla ya kushuka vyumbani, na hutategemea maneno ya mwongozaji peke yake. Nje, ndani ya shimo, yamesimama masanamu ya watumwa watano wenye minyororo shingoni, kazi ya msanii Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Tafadhali usijipige picha hapo ukitabasamu.

Jambo moja husahaulika: kufungwa kwa soko hakukumaliza utumwa. Mkataba wa mwaka 1873 ulipiga marufuku biashara ya kuwasafirisha watumwa kwa bahari na kuwauza hadharani. Hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba iliondolewa mwaka 1897, na katikati ya miaka hiyo biashara iliendelea kwa siri.

Jumba la Maajabu linaingilika?

Beit al-Ajaib lilijengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, likawa la kwanza hapa kuwa na umeme na lifti, na likanusurika mabomu ya manowari za Kiingereza tarehe 27 Agosti 1896, kwenye vita visivyofika saa moja. Halikunusurika uchakavu: tarehe 25 Desemba 2020, likiwa kwenye ukarabati, sehemu yake ya mbele iliporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili walipoteza maisha. Tangu hapo limekuwa eneo la ujenzi. Panga ziara yako kana kwamba utaliona kwa nje tu.

Jirani yake kuna Makumbusho ya Kasri, Beit al-Sahel, yenye samani za masultani na chumba cha kumkumbuka Bibi Salme, binti wa Sayyid Said aliyetoroka mwaka 1866 na kuolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani. Uliza hotelini kama liko wazi siku hiyo.

Kwa nini watu wanapiga picha milango?

Kwa sababu mwenye nyumba aliweka mali yake mlangoni. Kuta za nje zilipakwa chokaa tupu, madirisha yalikuwa madogo, lakini mlango ulieleza nani anaishi ndani. Desturi ilikuwa kutengeneza mlango kwanza, na nyumba kujengwa baadaye.

Ukitaka kuitofautisha, tazama juu. Milango ya Kiarabu ya awali ina kizingiti cha juu kilichonyooka, mara nyingi kikiwa na aya ya Kurani au mwaka wa Hijria. Ile yenye tao la nusu duara juu ina mkono wa Kihindi, na ya Kigujarati ina mbao za miraba midogo inayokunjika. Njumu za shaba zilizochongoka zimetoka India pia, ambako inasemwa zilizuia tembo wa vita; hapa zilibaki pambo. Halafu tazama mfaa, ule ubao wa katikati, na miimo ya pembeni: samaki, minyororo, mawimbi, mitende, maua ya yungiyungi. Kila mwongozaji ana tafsiri yake. Mnyororo, kwa mfano, mmoja atakuambia ni alama ya mfanyabiashara wa watumwa, mwingine kwamba ni ulinzi wa nyumba. Pokea zote kwa tahadhari.

Ukitaka mfano mmoja tu, tafuta nyumba ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, Shangani. Watu wanaishi humo. Tazama kwa nje.

Nyumba nyingi zinabomoka. Kwa nini hazikarabatiwi?

Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na paa likivuja maji hunyonywa na ukuta, boriti huoza, na ghorofa hushuka. Nyumba kama hiyo inataka kupakwa chokaa mara kwa mara. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 wamiliki wengi waliondoka au walinyang'anywa, na nyumba moja ikagawiwa familia kadhaa ambazo hazikuwa na uwezo wala haki ya kuikarabati. Wengine waliziba kwa saruji, ambayo inazuia ukuta wa chokaa kutoa unyevu na huharakisha kuoza. Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe ipo tangu mwaka 1985, na ruhusa yake inahitajika hata kubadilisha dirisha. Lakini ruhusa haina mifuko ya chokaa ndani yake.

Nahitaji mwongozaji?

Kwa ziara ya kwanza ya saa mbili au tatu, ndiyo. Chukua mwenye kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii, patana bei kwa kundi zima, na mwambie mapema kwamba hutaki kupelekwa madukani. Omba akueleze kwa Kiswahili. Wengi hujifunza maelezo yao kwa Kiingereza na hutoa hadithi tamu zaidi wakiachiwa lugha yao.

Nyumba ya Freddie Mercury iko wapi?

Shangani. Mwimbaji huyo wa bendi ya Queen alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946 akiitwa Farrokh Bulsara, na makumbusho madogo yalifunguliwa mwaka 2019. Mshabiki atafurahi. Asiye mshabiki fedha hiyo aitumie kwenye taarab: ulizia kama Culture Musical Club, pale Vuga, wana mazoezi au onyesho. Nadi Ikhwan Safaa, kikundi kingine cha mjini, kina asili ya mwaka 1905.

## Kula

Forodhani usiku: ni salama kwa tumbo?

Kwa ujumla ndiyo, ukichagua vizuri. Nenda mapema, wakati vyakula vimetoka jikoni, wala usiende saa nne usiku wakati vijiti vilevile vya pweza na kamba vimekuwa vikipashwa upya tangu magharibi. Chagua kinachokaangwa au kuchomwa mbele yako. Uliza bei ya kila kijiti kabla hakijatua kwenye sahani. Samaki wakubwa wanaopambwa mezani ni wa watalii, na bei yake ni hiyohiyo ya kitalii. Juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi haina mpinzani, ila angalia barafu.

Mimi ningekula kidogo tu hapo, kwa ajili ya upepo na watu, kisha ningeenda kula chakula chenyewe Mkunazini au Darajani, ambako wenyeji wanakula pilau, wali wa nazi na mchuzi wa samaki.

Urojo nile wapi?

Mtaani, jioni, pale unapoona foleni ya wanafunzi. Bakuli la urojo lina mchuzi wa ndimu na embe, bajia, kachori, viazi, chipsi za muhogo, mishkaki ukitaka, chatne ya nazi na pilipili. Sema "pilipili kidogo" kama hujazoea. Ya hapa haina utani.

Naweza kuja wakati wa Ramadhani?

Unaweza, na usiku wake ni wa kipekee: baada ya futari mji unachangamka mpaka karibu na daku. Mchana ni mgumu. Migahawa mingi ya mitaani hufungwa, na kula, kunywa au kuvuta sigara hadharani hakukubaliki kwa yeyote, awe Mwislamu au la. Polisi wamewahi kuwakamata watu waliokula hadharani, kwa hiyo lichukulie kwa uzito. Hoteli huhudumia wageni ndani; kula huko, na maji uyanywe chumbani. Ukialikwa kufuturu, kubali, fika kabla ya magharibi, na beba tende au matunda.

Na pombe?

Inauzwa kwenye hoteli na baa zenye leseni. Usitembee na chupa barabarani.

## Mavazi, picha na misikiti

Nivae nini?

Mabega na magoti yafunikwe, kwa wanaume na wanawake. Kaptula fupi na fulana za ufukweni ziache ufukweni. Serikali ina kanuni na faini juu ya mavazi yasiyo na staha. Mwanamke si lazima ajifunike kichwa mitaani, lakini kanga moja begani inatosha kwa dharura zote.

Wageni weusi hukosea hapa kuliko Wazungu, wakidhani kanuni hizo si zao. Wewe unayezungumza Kiswahili unatarajiwa kujua zaidi.

Naweza kuingia msikitini?

Kama ni Mwislamu, karibu, tia udhu uswali. Kama si Mwislamu, misikiti ya hapa kwa kawaida si sehemu ya ziara. Unaweza kuuona kwa nje mnara wa msikiti wa Malindi wenye umbo la pia, wa aina adimu sana Afrika Mashariki. Kanisa Katoliki la Mtakatifu Yosefu, ambalo wenyeji huliita Minara Miwili, liko wazi saa za ibada.

Je, picha?

Majengo piga. Watu, omba kwanza, na jibu la "hapana" liheshimu papo hapo. Usipige wanawake kwenye baraza zao, watoto wa chuoni (madrasa), Ikulu, polisi wala bandari. Droni inahitaji kibali.

## Hali za pekee

Mimi ni mwanamke, ninasafiri peke yangu.

Mchana huna la kuhofia zaidi ya maneno ya papasi. Usiku, baada ya saa nne, vichochoro huwa vitupu na taa ni chache. Pita njia pana au mwombe mlinzi wa hoteli akusindikize. Simu usiishike mkononi kwenye njia ambazo pikipiki hupita.

Nina mzee anayetumia kiti cha magurudumu.

Itawezekana kwa sehemu. Ukanda wa Forodhani, Mizingani na Barabara ya Kenyatta unapitika. Vichochoro vya ndani vina vizingiti, mitaro na mawe yaliyoinuka. Hoteli itafute iliyo kando ya barabara ya gari, na omba chumba cha chini kwa maandishi. Makumbusho mengi ni ya ngazi.

Nusu siku inatosha kwa Changuu?

Inatosha. Mashua kutoka Forodhani huchukua karibu nusu saa. Kobe wakubwa waliopo ni uzao wa waliotolewa zawadi kutoka Seychelles mwaka 1919. Gereza lililojengwa pale halikuwahi kutumika kama gereza, likawa karantini. Patana bei ya mashua nzima, kwenda na kurudi, na ulipe mkirudi. Hakikisha kuna maboya ya kujiokolea.

Nimefika Idi imeangukia siku zangu. Nimeharibikiwa?

Maduka na ofisi zitafungwa, hiyo ni kweli, na tiketi za boti hukatika mapema kwa sababu watu wanarudi makwao. Toa fedha mashineni kabla, kwa kuwa mashine chache za Shangani huishiwa. Jioni nenda viwanja vya Mnazi Mmoja: watoto wamevaa nguo mpya, kuna vyakula na michezo, na hakuna tiketi ya mtalii.

Nimeona mlango wa zamani unauzwa. Naweza kuubeba?

Usinunue kabla ya kuonyeshwa karatasi. Vitu vya kale vinahitaji kibali ili vitolewe nje ya nchi, na mlango uliong'olewa kwenye nyumba ya urithi ni hasara ya nyumba nzima. Mafundi wanaochonga milango mipya kwa ukubwa wowote wapo, hata kijisanduku chenye njumu za shaba, na risiti watakuandikia. Makombe ya baharini, matumbawe na vitu vya gamba la kasa viache hapohapo mezani: ukikutwa navyo bandarini vitachukuliwa, na wewe utabaki kutoa maelezo huku boti ikiondoka.